Mtu Asiyebishiwa

Kila Jumatano alasiri, kwa miaka saba, Asnath alikuwa akigonga muhuri. Alitandaza kadi za kijani mezani, akagonga kila moja kwenye pembe ya chini kulia, akazipuliza wino ukauke, akazifunga kwa mpira. Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya kliniki ya afya ya akili, na wagonjwa waliotoka mbali, Kitahana au Kumsenga, walitaka kuwahi gari la kurudi. Kadi zilizogongwa tangu jana ziliokoa nusu saa. Hakuna aliyemwagiza afanye hivyo, wala aliyemkataza. Ilikuwa namna yake tu ya kufanya kazi, na ndiyo iliyomponza.

Alizaliwa Rungwe, kwenye milima ya chai, binti wa mwalimu wa shule ya msingi. Alisomea uuguzi wa akili Dodoma, akapangiwa Kibondo akiwa na miaka ishirini na sita. Siku anapanda basi, mama yake alimuuliza kitu kimoja tu, kama huko aendako kuna baridi. Kulikuwa na baridi kidogo, na ukungu uliolala juu ya migomba hadi saa tatu asubuhi, na watu waliosema Kiswahili taratibu, kama mtu anayekanyaga sakafu iliyotoka kupigwa deki. Majumbani walisema Kiha, au Kirundi kwa wale ambao wazazi wao walivuka mpaka zamani. Asnath alijifunza kuitikia "ego", yaani ndiyo, na watu wakamwita sista kama wanavyowaita wauguzi wote.

Alipofika aliwakuta wagonjwa wamefungwa kamba kwenye nguzo za nyumba. Wengine walichekwa barabarani, wengine walipigwa kwa sababu walisema kuku wanawasengenya. Asnath alipanda pikipiki akazunguka makanisani, misikitini na kwenye minada, akiwa na kanuni tatu alizozitunga mwenyewe ili zikae kichwani mwa mtu asiyejua kusoma: Msimbishie. Msimcheke. Msimwache peke yake. Aliwaonyesha hata namna ya kusimama: mikono ikunjwe mbele, kichwa kiinamishwe kidogo upande mmoja, sauti iwe ya chini. Mgonjwa akisema mto unapanda mlima, usimwambie hapana. Mwambie ndiyo, muulize kama amekula, kisha umlete Alhamisi. Mwaka wa nne kamba zilikuwa zimekwisha. Kwaya moja ilizitungia kanuni zile wimbo. Hakuna jambo lingine maishani mwake lililompa fahari kama hilo.

Nsabimana alikuwa mfanyabiashara wa maharage katika soko la Kibondo, mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mwenye kofia nyeupe na kalamu mfukoni isiyokuwa na wino. Kila Jumanne alipanda gari kwenda Kasulu, ambako redio ndogo ya mji ilimpa saa nzima ya kuchambua mambo: barabara, halmashauri, ndoa za siku hizi, mvua. Alijitaja kwa jina kama anayemtaja mtu mwingine. "Nsabimana alilisema hili mwaka jana, mkamcheka!" Wasikilizaji walipiga simu kumtukana, naye alinawiri kama mgomba uliomwagiwa majivu. "Kata simu, mpumbavu wewe," aliwaambia, "halafu piga tena!"

Wazazi wake walitoka Burundi, na yeye aliipata karatasi ya uraia akiwa mtu mzima, mwenye mke na watoto. Tangu siku hiyo hakunyamaza. Alipoulizwa kwa nini anapenda ubishi, alijibu kwamba mgeni hukubali kila kitu, raia ndiye anayebishana.

Kisha Jumanne moja akaigusa kliniki. "Vidonge vile vya Alhamisi," alisema hewani, "vinawanenepesha watu na kuwanyamazisha. Nsabimana anauliza: nani anafaidika watu wakinyamaza?"

Miongoni mwa waliomsikia alikuwa Ndayikeza wa Kumsenga, msusi, ambaye kwa miaka minne alikuwa mzima kabisa kwa sababu ya vidonge hivyo. Aliviacha. Wiki tatu baadaye walimkuta katikati ya shamba la muhogo, miguu mitupu, midomo imepasuka, akimwambia mama yake mzazi, "Shikamoo, sikufahamu."

Asnath alitoka kumwona Ndayikeza siku ya Jumatano. Alirudi ofisini na vumbi hadi magotini, akaketi mbele ya kadi alizokuwa amekwisha kuzigonga muhuri asubuhi ile kabla ya kuondoka. Hakulia. Alichukua kadi moja akaijaza, kwa mwandiko wake uleule ulionyooka.

Jina: N., mwanaume. Kazi: kuongea. Aliyemleta: amejileta mwenyewe, hakualikwa.

Chini yake akaorodhesha yale ambayo vitabu vyake vya chuo viliyaita matatizo ya haiba. Haiba ya kujikweza: mgonjwa humtaja Nsabimana kama bosi wake, na husimama kwa heshima akimtaja. Haiba ya kutafuta macho ya watu: akikosa msikilizaji huhutubia magunia. Haiba ya kushuku: anaamini halmashauri, wafadhili na mawingu wamekaa kikao dhidi yake. Haiba ya ukamilifu uliopindukia: husahihisha hata salamu. Penye sehemu ya tiba aliandika: Hakuna dawa inayojulikana. Mgonjwa asibishiwe.

Sentensi ile ya mwisho ilimchekesha yeye mwenyewe. Alipiga picha kadi, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la watumishi, watu wapatao sitini, walimu, wauguzi na mabwana shamba waliotoka mikoa mingine kama yeye.

"Sista umeua!" akaandika mwalimu Brighton. "Naomba na ya mkuu wangu wa shule, nitalipia karatasi."

"Anahutubia magunia! Jamani mbavu zangu."

"Mawingu yamekaa kikao, na akidi imetimia."

Asnath akaosha kikombe chake cha chai, akafunga ofisi, akaenda nyumbani. Kwa mara ya kwanza siku hiyo mabega yalikuwa yameshuka.

Ijumaa picha ilikuwa sokoni. Jumapili ilifika Kasulu. Hakuna aliyejua nani aliitoa kwenye kundi, ingawa Brighton kwa siku kadhaa hakumtazama usoni. Na kadiri picha ilivyosafiri, utani ulibaki njiani. Watumishi walicheka kwa sababu waliyafahamu maneno ya vitabuni na jinsi yalivyopindwa. Watu wa sokoni waliona kitu kingine: kadi ya kijani kama ile ya shangazi yao, mwandiko wa sista wanayemwamini, na muhuri. Na kanuni ya pili ilikataza kumcheka mgonjwa. Hivyo hawakucheka.

Jumatatu Asnath alipita sokoni kununua nyanya. Nsabimana alikuwa amesimama juu ya kreti, kidole juu.

"Barabara ya Kitahana haitaisha mwaka huu," alitangaza, "wala mwaka ujao!"

Kwa kawaida hapo wapagazi wangemzomea. Muuza dagaa wa meza ya pili, mwanamke mmoja mnene ambaye kwa miaka kumi alikuwa mbishi wake mkuu, aliinamisha kichwa kidogo upande.

"Ego, mzee."

"Ego nini? Wiki iliyopita ulisema itaisha!"

"Haitaisha, mzee."

"Na nikisema itaisha?"

"Itaisha."

Nsabimana alimtazama. Kisha akatoa mzaha wake wa siku zote, ule wa diwani na mbuzi, ambao hata waliouchoka huucheka. Soko zima lilikaa kimya. Wapagazi walikunja mikono mbele. Asnath aliona kwamba mikono ile ilikuwa yake, na kichwa kile kilichoinama kilikuwa chake. Yeye ndiye aliyewafundisha, mmoja mmoja, kwa miaka saba. Nsabimana aliposhuka kwenye kreti na kuelekea dukani kwake, mwanamume mmoja aliyekuwa ameegemea baiskeli alianza kumfuata taratibu akiisukuma. Nsabimana aliposimama, baiskeli ilisimama.

Kesho yake Asnath alifungua redio. Recho, mtangazaji wa Kasulu ambaye kicheko chake kilijulikana hadi Muyama, alimkaribisha mchambuzi kwa sauti laini mno, kama ya mtu anayeingia wodini. Nsabimana alishambulia halmashauri. Simu ya kwanza: "Ni kweli, mzee." Akaitetea halmashauri ileile aliyoishambulia. Simu ya pili: "Ni kweli kabisa, mzee."

"Basi Nsabimana anasema hivi," alisema, na sauti ilikuwa imekauka. "Mto Malagarasi hautelemki. Unatoka ziwani, unapanda milimani. Haya. Pigeni."

"Ni kweli, mzee," ilisema simu ya tatu. "Unapanda."

"Mimi nimeuona ukipanda," ilisema ya nne, sauti ya mwanamke, ya upole sana. "Mzee, umekula?"

Baada ya hapo redio haikutoa neno. Kilichosikika ni mtu anayepumua karibu na kipaza sauti, pumzi fupi fupi, muda mrefu kuliko redio yoyote inavyoruhusu. Hatimaye Recho aliweka muziki.

Alhamisi Nsabimana alikuja kliniki. Hakutaka kupitishwa mbele. Alikaa kwenye benchi kwa zamu, na kila aliposogea, watu walimwachia nafasi ya watu wawili. Alipoingia aliweka mezani karatasi iliyochapishwa ile picha.

"Shikamoo, mzee," alisema Asnath.

"Marahaba. Mwandiko wako?"

"Wangu."

"Muhuri wa hospitali?"

"Wa hospitali."

"Basi mimi ni mgonjwa."

"Hapana, mzee. Ulikuwa utani. Nilikuwa na hasira. Ndayikeza..."

"Ndayikeza nimeenda kumwona." Alivua kofia, akaiweka magotini. Bila kofia alikuwa mtu mdogo. "Nilimwambia mama yake: nimekosa, nililisema jambo nisilolijua. Nilitaka anilaani, sista. Nilikuwa nimejiandaa. Akaniambia, ego, mzee, hakuna neno. Akanisindikiza hadi barabarani, akasimama pale hadi gari lilipokuja."

Asnath aliigeuza ile karatasi, picha ikalala chini.

"Mke wangu Ange ameficha panga. Jembe pia. Nikienda chooni mtu anakohoa nje ili nijue yupo. Juzi nilimwambia jirani yangu kwamba marehemu baba yake alikuwa mwizi wa ng'ombe. Mzee wa watu, alizikwa na paroko! Unajua alijibu nini?"

"Alisema ego."

"Alisema ego, akanipa ndizi." Nsabimana alicheka, akasubiri, akaona amecheka peke yake, akaacha. "Wazazi wangu walikaa nchi hii miaka arobaini wakisema ndiyo. Kwa mjumbe, ndiyo. Kwa askari, ndiyo. Kwa aliyewanyang'anya shamba, ndiyo. Hawakuwa na karatasi. Mimi nilipoipata nilisema, sasa na mimi nitabishiwa kama mtu. Unanielewa? Mtu anayekubishia amekuona. Sista, sikuja kugombana. Nirudishie watu wa kunibishia."

"Nitawarudisha," alisema Asnath. "Jumanne nitakwenda mwenyewe Kasulu."

"Na kama kweli ninaumwa? Ningejuaje?"

"Huumwi."

Nsabimana alimtazama kwa makini, akitafuta kitu usoni mwake, na Asnath alitambua anachokitafuta: kama kichwa chake kimeinama upande. Aliinyoosha shingo hadi ikauma. Dirishani nyuma ya mzee aliwaona watu kumi na wawili wamesimama uani. Hawakuwa na kadi. Walikuwa wakimsubiri.

Jumatatu Asnath aliandika barua kwa mkubwa wake wa kazi, akaeleza kadi, muhuri na hasira, bila kujitetea. Jumanne alipanda gari la asubuhi kwenda Kasulu, akakaa kwenye kiti cha Nsabimana studio, akasema aliyoyapanga.

"Nsabimana si mgonjwa. Ile kadi niliiandika mimi, kwa dharau, na muhuri niliutumia vibaya. Yeye alikosea kuhusu vidonge. Nami nilikosea kuhusu yeye. Zile kanuni tatu ni za wagonjwa. Yeye mbishieni. Chekeni mizaha yake. Mwacheni atembee peke yake."

Simu ya kwanza ilitoka Muyama. "Tumekusikia, sista. Ni kweli."

"Kweli kwamba nini?"

"Kwamba si mgonjwa."

"Kwa hiyo mtambishia?"

"Tutambishia, sista." Sauti ilishuka kidogo. "Pole na kazi. Umekula?"

Asnath alishika ukingo wa meza. Simu ya pili ilikubali. Ya tatu ilikubali. Ya nne alikuwa mzee, mwenye Kiswahili cha taratibu. "Miaka saba na wagonjwa wale, binti yangu, ni mingi. Usiwe unakaa peke yako."

"Siumwi," alisema Asnath.

"Ego, binti yangu. Huumwi."

Aligeuka kumtazama Recho. Recho alikuwa amekunja mikono juu ya meza. Kichwa kilikuwa kimeinama kidogo upande.

Miaka yote ile watu walimuuliza swali moja, minadani, baada ya mafunzo: maradhi ya kichwa hayamshiki anayeyatibu? Yeye aliwajibu kwamba hayaambukizi, nao wakasema ndiyo, sista, na aliondoka akiamini amewaelewesha. Ndani ya gari la kurudi, lililokuwa na abiria wanne tu, alianza kuzihesabu zile ndiyo zote. Gari liliposimama kituo cha kwanza, mwanamke mwenye kitenge cha bluu alipanda, akaviangalia viti vitupu, akaja kukaa ubavuni mwake.

"Unashuka Kibondo?" aliuliza Asnath.

"Ego."

"Kibondo sehemu gani?"

"Popote utakaposhuka," alisema mwanamke yule, kwa upole.

Jumatano alasiri kadi zilibaki kwenye kabati. Asnath alifunga ofisi mapema akatembea kwenda sokoni. Hakugeuka nyuma. Alisikia kandambili, na viatu vya ngozi, na baiskeli inayosukumwa, vyote kwa mwendo wake. Alipopunguza hatua, vilipunguza. Penye meza ya nyanya muuzaji aliuliza anataka ngapi, na Asnath aliposema nyanya hizi zimeoza, ilhali zilikuwa nzima na zinang'aa, muuzaji akaanza kuzitoa mezani moja moja.

Nsabimana alikuwa ameketi juu ya gunia, kofia imefunika macho. Kreti yake ilikuwa imepinduliwa. Watu wanne walisimama nyuma yake, hatua kama kumi. Hakuinua uso.

Asnath aliingiza mkono kwenye gunia lililo wazi, akauzamisha hadi kwenye kiwiko, akapekua, akatoa kitu kidogo chekundu.

"Maharage yako yana mawe, mzee."

Kofia ilipanda taratibu. Nsabimana aliutazama mkono, akamtazama yeye, kisha akatazama nyuma ya mgongo wa sista. Alihesabu kwa macho. Waliomfuata walikuwa sita.

"Na wewe?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Na mimi. Tangu jana." Kisha akaipandisha sauti. "Nimesema maharage yako yana mawe! Na vidonge havinyamazishi mtu, na wewe ni mwongo, na ule mzaha wa mbuzi haukuwahi kuchekesha!"

Kitu kilirudi usoni mwa Nsabimana, kama taa umeme unaporudi. Alisimama.

"Mwongo ni wewe! Maharage ya Nsabimana yanapepetwa mara mbili! Na ule mzaha umechekwa na mkuu wa wilaya!"

"Alikohoa!"

"Alicheka! Nilimwona meno!"

Walikuwa wakipiga kelele sasa, na Asnath alihisi kitu kinamfunguka kifuani, karibu furaha. Aliinua kile kitu chekundu kati ya vidole viwili. "Hili ni nini kama si jiwe?"

"Siyo jiwe!"

"Siyo jiwe, mzee," walisema wanne waliokuwa nyuma ya Nsabimana.

"Ni jiwe!"

"Ni jiwe, sista," walisema sita waliokuwa nyuma ya Asnath.

Muuza dagaa alitoka mezani kwake, akaja kusimama na wenzake. Wapagazi walishusha mizigo. Mduara ulikaribia hatua moja, kwa heshima, kwa sababu kanuni ya tatu haikusema umbali. Hapakuwa na aliyecheka. Katikati, muuguzi na mchambuzi waliendelea, siyo, ndiyo, siyo, sauti zikianza kukwaruza, wametazamana machoni bila kupepesa, kila mmoja akiogopa kuwa wa kwanza kukubali.